Kovu si uchafu

Barua ya wazi kwa waandaaji, majaji na wadhamini wa maonyesho ya magari ya zamani Afrika Mashariki

YAH: ALAMA 3 KATI YA 20 ZA RANGI

Ndugu zangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Nawaandikia nikiwa kibarazani, na gari ninalotaka kulisemea, Peugeot 404 yenye rangi yake ya kwanza, liko hapo mbele, chini ya mwembe. Tangu alfajiri kunguru wameshalitia madoa matatu. Nitayaosha nikimaliza barua hii, maana uchafu naujua na siupendi. Hilo naomba mlishike tangu mwanzo, msije mkadhani anayewaandikia ni mzee mvivu anayetafuta kisingizio cha kutoosha gari.

Mwaka juzi nililipeleka kwenye mojawapo ya maonyesho. Jina silitaji wala mji siutaji, kwa sababu karatasi za alama nilizowahi kuziona zinafanana kama mayai ya kuku mmoja, na aliyenitia doa siku ile alikuwa anafuata karatasi tu. Nilitoka nyumbani saa tisa usiku ili niwahi kufika kabla ya jua kali. Nilipofika mlangoni nikaambiwa safu za mbele ni za magari "yaliyo tayari". Langu likapelekwa nyuma, upande wa vyoo, jirani na turubai la mama lishe. Sikulalamika. Kivuli kilikuwepo, na chapati za moto pia.

Saa nne hivi majaji wakafika. Aliyetangulia alikuwa kijana mstaarabu, amevaa glavu nyeupe, karatasi yake kaibana kwenye kibao. Akaniamkia, nikaitikia. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa buti, pale panapopita maji ya mvua, kikatoka chekundu. Akaandika. Akainama kuchungulia chini ya madigadi, akaandika tena. Akaja kusimama kwenye mlango wa dereva. Pale juu, chini ya kioo, rangi ya krimu imeisha. Inafuata praima ya kijivu, na katikati kabisa limebaki bati tupu, linang'aa kama shilingi. Akaliangalia muda mrefu, kisha akauliza kwa upole:

"Mzee, mbona hukulipaka rangi?"

"Limepakwa," nikamwambia. "Sochaux, Ufaransa, mwaka 1967."

Akacheka, nami nikacheka. Halafu akaandika 3 kati ya 20.

Pale palipong'aa ni kazi ya kiwiko cha baba yangu. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, na Peugeot 404 hii aliinunua kwa meneja wake, Mgiriki aliyekuwa anafunga mizigo baada ya mashamba kutaifishwa. Aliiendesha miaka thelathini na ushee, kioo kimeshushwa, kiwiko nje, kwa sababu upepo wa Tanga mnaujua: usipoutafuta wewe, wenyewe hauji. Miaka thelathini ya kiwiko kimoja juu ya mlango mmoja. Hakuna fundi rangi duniani anayeweza kupachora pale mahali. Ukiweka mkono wako, kama una kimo chake, unakaa sawasawa. Mimi nimemzidi kidogo, wangu unapita.

Kwenye ukingo wa paa kuna sehemu nne zilizobonyea, mbili kila upande, ilipokuwa inakaa miguu ya keria. Zilikuwepo kidogo kidogo kwa ajili ya magunia ya mahindi, lakini zilichimbika hasa siku tuliyompeleka bibi Lushoto, jeneza juu, sisi sita ndani, tunapanda kona za kutoka Mombo kwa gea ya pili na hakuna anayesema neno. Jaji aliandika: "Mfereji wa paa umepinda." Ni kweli umepinda.

Pedali ya klachi imevikwa kipande cha tairi la lori, kimekazwa kwa waya. Hiyo ni ya miaka ile baada ya vita vya Kagera, spea zilipokuwa hazipatikani kwa fedha wala kwa undugu, na Jumapili ikipita saa nane mchana ilikuwa ni marufuku kuonekana barabarani na gari lako bila kibali. Raba ya kiwandani ilipoisha, fundi wetu alikata tairi, akatoboa kwa msumari wa moto, akafunga. Akasema ni ya muda tu, mpaka halisi ipatikane. Muda huo haujaisha mpaka leo, na mguu haujawahi kuteleza. Jaji akaandika: "Raba ya pedali si halisi."

Hapo ndipo nilipoanza kuitunga barua hii kichwani. Neno "halisi" lilinikaa kooni. Raba ya kuagiza kwa njia ya mtandao, iliyotengenezwa mwaka jana na kiwanda ambacho hakijawahi kuiona 404, ndiyo ingekuwa halisi. Hii iliyolipeleka gari na watu wake kwa miaka arobaini si halisi. Nimelifikiria sana jambo hilo na bado halinikalii sawa.

Sasa niwaambie lililoshinda daraja letu. Sitaki mwenyewe ajisikie vibaya, kwa hiyo sitasema ni gari la kampuni gani; nitasema tu ni rika la langu. Lilishushwa kutoka kwenye lori, limefunikwa shuka. Lilipofunuliwa watu wakashangilia, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwani kupendeza lilipendeza. Rangi ya fedha yenye vumbi la kumetameta ndani yake, ambayo kiwanda hakikuwa nayo enzi zile. Viti vya ngozi mpya. Injini unaweza kuilia wali. Wakati wa kupewa kikombe ukafika, likagoma kuwaka, vijana wanne wakalisukuma mpaka jukwaani. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nakiri naisema methali hii kwa wivu kidogo. Lakini si kwa wivu mtupu.

Mwenye gari lile hana kosa, ndugu zangu. Amefanya mlichomtuma. Karatasi yenu inapotoa alama 20 kwa rangi, 20 kwa usafi wa tumbo la gari, 20 kwa mapambo ya ndani, na haitoi hata moja kwa gari kuwa limebaki kama lilivyoishi, inawafundisha watu kufuta. Na watu wanajifunza haraka. Namfahamu mtu mwenye Kombi ya Volkswagen iliyokuwa ya misheni moja ya bara. Kwenye mlango wake lilikuwa jina la misheni, limeandikwa kwa brashi na mkono wa mtu, herufi S imeegemea kushoto kidogo kama inataka kulala. Mwaka mmoja alipata alama za chini, akaona aibu, akaipeleka gereji. Msasa ukapita, puti ikapigwa, rangi mbili zikapulizwa. Mwaka uliofuata akapata alama za juu sana. Nilipomuuliza kuhusu maandishi, alisema ana picha kwenye simu, kisha akaitafuta, akaikosa.

Msije mkasema haya ni mawazo ya mzee wa Tanga anayelia na gari la baba yake. Hebu tutazame huko ambako wengi wenu mmeiga karatasi hizi. Pebble Beach, California, wanafanya onyesho tangu 1950, na kwa watu wa fani hii duniani hakuna jukwaa linalotetemesha kuliko lile. Kwa miongo na miongo kikombe kikuu kilikwenda kwa magari yaliyong'arishwa kuliko siku yalipotoka kiwandani. Agosti 2024 kikaenda kwa Bugatti Type 59 ya mwaka 1934 ambayo haijafufuliwa, yaani haijarudishwa iwe kama mpya. Gari la mbio, lililokuja kumilikiwa na Mfalme Leopold III wa Ubelgiji (ndiyo, yule aliyekuwa anatawala na Kongo), likapakwa rangi nyeusi na mstari wa njano, na rangi hiyo iliyochakaa na kupasukapasuka ndiyo iliyopanda nayo jukwaani. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya onyesho lile kwa gari la kuhifadhiwa hivyo kuchukua kikombe kikuu. Majaji wake hawakuwa vipofu. Waliyaona mapengo ya rangi, na wakayatunza.

Na kabla ya hapo, shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lililopo tangu 1966, lilikwisha kuliandika jambo hili kwa kalamu. Mwaka 2012 lilipitisha Mkataba wa Turin, ambao kwa ufupi unasema: hifadhi kwanza, tengeneza pale inapolazimu, kufufua kuwe ni hatua ya mwisho, na unachobadilisha kiandikwe. Busara hiyo waliichota kwenye Mkataba wa Venice wa 1964, ambao ni wa watu wa majengo ya kale.

Majengo ya kale nayo tunayo. Magofu ya Kilwa Kisiwani yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Nenda kasimame ndani ya Msikiti Mkuu, utazame kuba zake na nguzo zilizoliwa na chumvi. Hebu jaribuni kufikiria halmashauri inatangaza zabuni ya kupiga lipu, kupaka rangi ya mafuta na kuweka vigae ili pawe "tayari" kwa wageni. Nchi nzima ingesimama. Kwa jengo tunaelewa mara moja. Likija gari, akili yetu inageuka ya dobi.

Labda kuna sababu. Kwetu sisi gari chakavu lilikuwa aibu ya umaskini, na wengi tulikua tukisikia jirani akicheka: mkweche ule! Wanangu wenyewe hili la baba wanaliita mkweche, mbele yangu. Aliyepata fedha hupaka rangi, kama anavyobadilisha nyasi za paa kuwa bati. Sishangai kwamba mtu akipewa jukwaa anataka kuonyesha alivyotoka. Na kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ila nyinyi si majirani wa mtaani, mmejipa kazi ya kutunza ya kale, na kazi hiyo ina jicho lake.

Naomba niwakumbushe kwa nini eneo letu hili lina haki zaidi ya kudai jicho hilo. Mwaka 1953 zilianza mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally, wakati huo kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Viwanda vya Ulaya na Japani vilileta magari yao hapa ili barabara zetu ziyahukumu. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968, tena 7 tu. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404. Katikati yake, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, naye ndani ya 404. Mwaka 1965 Joginder Singh aliwaacha wote kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa hata mpya. Gari lililotumika! Ndiyo maana baba yangu na wenzake walipotafuta gari la kununua, hawakusoma matangazo. Walitazama lililorudi.

Kwa hiyo jina la magari haya hapa kwetu lilijengwa na tope, mawe na vumbi, halikujengwa na nta. Gari likija mbele yenu na alama za mawe chini ya sakafu, vumbi jekundu la Handeni limejificha kwenye mfereji ambao brashi haifiki, mmeletewa ushahidi. Mnaufuta kwa kitambaa cheupe, halafu mnamkata alama aliyeuleta.

Jambo jingine ni la hesabu. Magari haya hayataongezeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwetu Tanzania gari kuukuu linakumbana na ushuru wa uchakavu. Tuliyo nayo ndiyo yale yaliyoingia zamani, yakafanya kazi ya teksi, ya misheni, ya bwana shamba, ya abiria wa Nakuru na Nairobi waliobanana saba kwenye Peugeot za masafa, yakapona. Mengi yalishakatwa kuwa vyuma chakavu. Na katika yaliyobaki, yale ambayo hayajaguswa na msasa ni machache mno. Gari linaweza kufufuliwa mara tatu, mara nne, kila mwenye fedha akija anapaka la kwake. Kubaki na ngozi yake ya kwanza linaweza mara moja tu.

Hapa najua wapo mnaotikisa kichwa. Mtasema: huyu anataka tujaze uwanja mikweche yenye kutu. Hapana. Kutu na kovu ni vitu viwili, na mtu aliyewahi kulala chini ya gari anavitofautisha gizani. Kovu limekauka, kutu inakula. 404 haina chesisi ya kujitegemea, bodi lenyewe ndiyo mifupa, kwa hiyo sakafu ikiliwa umebaki na nyumba isiyo na nguzo. Mwaka 2011 niliikata sakafu ya upande wa dereva na mhimili wa chini ya milango, nikachomelea bati jipya, na sikulia. Mipira yote ya breki, masta silinda, nyaya za taa: vipya. Breki mbovu haina historia, ina mazishi. Bati jipya nililipaka kijivu ili mtu akichungulia ajue hili ni la juzi, na la zamani liko wapi. Lile kovu la kiwiko nimelipangusa mafuta mepesi ya mashine kila baada ya wiki mbili, miaka ishirini sasa, lisishike kutu. Niambieni kama huo ni uvivu. Kupaka rangi ingekuwa kazi ya siku nne.

Wala sisemi kila gari libaki lilivyo. Lililokutwa porini limeota mti katikati ya injini, lifufueni kwa mikono miwili. Lililokwisha kupakwa rangi mara tano halina ngozi ya kwanza ya kulinda. Mwenyewe na afanye apendavyo. Na mafundi wetu wa bodi wanaoweza kunyoosha bati kwa nyundo na kipande cha reli, bila puti ya kilo kumi, hao wapewe vikombe vyao. Safu ya mbele ya yanayong'aa siitaki ivunjwe. Nataka pafunguliwe safu nyingine, na isiwe chooni.

Ninachoomba ni daraja la magari ambayo hayajafufuliwa, lenye karatasi yake. Nimejaribu kuiandika usiku mmoja umeme ulipokatika, na ipo tayari nikihitajiwa. Arobaini kati ya mia ziende kwa uhalisi: rangi ya kwanza, vitambaa vya kwanza, kioo cha kwanza chenye chapa ya kiwanda, hata kama vimechoka. Na matengenezo ya kienyeji ya wakati wake, kama ile raba yangu ya tairi, yahesabiwe kuwa mali, si kasoro, mradi mwenye gari aeleze nani alifanya na kwa nini. Thelathini ziwe za mwendo. Gari lije kwa magurudumu yake. Liwashwe likiwa baridi mbele ya majaji, lizunguke uwanja, lisimame likiambiwa lisimame. Ishirini ziwe za kumbukumbu: kadi ya zamani, stakabadhi, picha, shahidi aliyepanda. Kumi za mwisho ziwe za usafi, kwa maana nilishasema kunguru siwatetei. Anayeficha alama kwa rangi ya kupuliza usiku wa kuamkia onyesho akatwe. Ndiyo, wapo.

Wadhamini, na nyinyi neno moja. Kikombe cha plastiki cha rangi ya dhahabu nimekipata mara mbili kwenye mambo mengine, kinashikilia mlango wa banda la kuku. Mwenye gari la namna hii anachohangaika nacho ni tairi nyembamba za inchi 15, ni raba za milango, ni mtu wa kumsafishia kabureta bila kuipoteza skrubu. Zawadi ikiwa seti ya tairi, mtaona watu wanatoka Singida.

Siku ile, kule nyuma kwa mama lishe, hatukukaa wapweke. Mtu wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyekuja kunywa chai. Akaliona gari, akaweka kikombe chini, akaingiza mkono dirishani na kuvuta kishikio cha ndani bila kukitafuta. Akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa teksi." Alisema hivyo hivyo, mumewe alikuwa teksi. Akakaa kiti cha mbele kama robo saa, mikono mapajani, hakuuliza chochote. Baada yake wakaja wengine. Mzee mmoja akaomba nifungue boneti, akawaonyesha wajukuu zake jinsi injini ile ilivyolazwa ubavuni kwa nyuzi 45 ili boneti liwe fupi kwa kimo, akawaeleza feni inayojikata yenyewe injini ikipoa. Kijana akapiga picha ya raba ya pedali peke yake. Mpaka saa tisa alasiri safu yetu ya chooni ilikuwa imejaa, na pale mbele, kwenye kamba za kuzuia watu wasiguse, walikuwepo walinzi.

Walioona tamasha la Land Rover pale Arusha Oktoba 2024 wanajua ninachosema. Mamia ya magari, mengi yao ya kazi, ya kubebea watalii na ya kubebea viazi, yenye bodi za aluminiamu zilizopondekapondeka kama sufuria ya msibani, yamepanga msururu mjini na watu wamepanda juu ya kuta kuyashangilia. Hakuna aliyeulizwa mbona hukupaka rangi.

Fomu za msimu ujao najua hazijapigwa chapa bado, ndiyo maana naandika sasa. Mkisema daraja hilo halina majaji wa kulihukumu, ninaye mmoja wa kuwaanzishia. Ndiye fundi aliyefunga ile raba kwa waya. Ana miaka 81, macho yamepungua, lakini mwezi uliopita alisimama hapa chini ya mwembe, akaniambia niwashe, akasikiliza huku amegeuza uso upande wa barabara, akasema plagi ya tatu imeanza kuchoka. Nikaifungua. Ilikuwa imechoka. Nimemuuliza kama angekubali kuja kuhukumu magari ya watu. Amesema atakuja, ila anataka kiti chenye mgongo, na chai isiyo na sukari, na asipewe glavu.

Wenu,
Mwenye Peugeot 404 ya rangi ya krimu,
Tanga